Masanduku Mawili kwa Punda Mmoja

Ha Letuka, Mokhotlong
9 Machi

Mjomba wangu Seabata,

Nakusalimu kutoka huku juu, baridi ikiwa imeanza kutuonyesha meno kabla ya zamu yake. Dada yako hajambo. Anasema nikuambie kwamba amekohoa wiki nzima na hukuwepo kumsikia. Mahindi yamekomaa, ila ni mafupi mwaka huu. Mbwa amezaa. Kaka Tankiso yuko kambini malishoni na kondoo, mzima. Nasi tunakuuliza wewe na Mama Puseletso, na goti lako.

Sasa nisikilize. Nimepata kazi, na usicheke kwanza. Chama cha wafugaji wa kondoo kimenunua droni, na ninayeirusha ni mimi, kwa sababu katika wote waliopelekwa mafunzo Maseru ni mimi peke yangu ambaye sikuigonga ukutani. Kazi yake ni kutafuta kondoo walioibwa. Unajua mwenyewe ilivyo: mwizi akishavuka mgongo wa mlima, mtu wa farasi anafika kesho kutwa na kukuta kinyesi.

Droni yenyewe haina neno. Shida ni betri zake. Ninazo tatu, na kila moja inakaa hewani muda wa kusonga ugali na kuula. Zikiisha nashuka bonde zima hadi zahanati yenye umeme wa jua, namrai nesi, nasubiri zijae, napanda tena. Nikifika juu hao kondoo wameshakuwa mchuzi wa watu. Chama walinipa jenereta, lakini jenereta ile inanguruma mpaka bonde la pili. Mwizi anajua nilipo kabla sijamaliza kuvuta kamba.

Wewe uko kwenye duka linalouza yale masanduku ya umeme, yale ambayo watu wa Johannesburg wanawashia televisheni umeme ukikatika. Hayapigi kelele. Nichagulie moja zuri la kuchajia betri zangu huko huko juu. Chama kimeshachanga, na mchango anao mzee Ntate Khoeli, dereva wa gari la kuja huko kwenu. Mpe na jibu lako, maana simu huku ni pambo. Ninaomba lifike kabla ya baridi kali, mjomba. Nina haraka.

Mpwa wako,
Khopotso


Germiston
30 Machi

Mpwa wangu mrusha ndege,

Barua yako imefika ikinuka dizeli na samaki wa kopo, kwa hiyo najua Ntate Khoeli aliitunza vizuri. Sisi tupo. Puseletso amenikataza nyama ya mafuta kwa amri ya daktari, sasa mimi si mtu tena, ni mbuzi, nala majani. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Mwambie dada yangu nimemsikia akikohoa hata huku.

Nimecheka, ndiyo. Halafu nikamwambia kila mtu kazini kwamba mpwa wangu ni rubani.

Sasa umeniomba nikuchagulie sanduku kama msichana anayeomba achaguliwe mume: lolote mjomba, mradi liwe zuri. Haiendi hivyo. Watu wanakuja hapa wanaangalia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wanalipa, kesho wanarudi wamenuna. Namba ile ni ya umeme uliomo ndani, si wa kufika kwenye betri yako. Njiani unaliwa. Ukichomeka chaja ya kawaida ya ukutani, sanduku linageuza umeme wake uwe kama wa nyumbani, kisha chaja inaugeuza tena, na kila anayegeuza anakula chake. Droni zenu zina chaja ya gari? Kama ipo, chomeka kwenye lile tundu la duara lililo kama la gari. Hapo mlaji anabaki mmoja.

Ushauri wangu ni sanduku moja kubwa, lile la magurudumu. Linazijaza betri zako zote tatu na kurudia na kurudia, siku mbili halijaisha. Ununue mara moja, usahau.

Lakini niambie, haraka ya nini? Wizi wa kondoo haukuanza jana. Haraka haraka haina baraka. Na Tankiso vipi? Alikuwa kila mwezi ananipigia akiteremka mjini, tena kwa kunibipu tu, bakhili yule. Tangu mwaka mpya kimya.

Mjomba wako


Ha Letuka
21 Aprili

Mjomba,

Salamu nyingi, na dada yako anakuombea kwa hayo majani. Kikohozi kimepungua. Tumevuna, tumeanika. Jalidi imeanguka mara mbili asubuhi na kunde zimeungua. Watoto wa mbwa wamegawiwa wote.

Sanduku lenye magurudumu, mjomba? Umesahau ulikozaliwa. Magurudumu yatembee wapi, juu ya mawe ya genge la Lekhalo? Kila kitu kinachopanda huko kinapanda kwa punda, na punda ana pande mbili. Ukimwekea sanduku zito kwenye shogi la kushoto, kulia utaweka nini? Baba mdogo alisema tuweke mawe. Nikamwambia sawa, tumpandishie punda mawe mlimani, mlimani kuna upungufu wa mawe. Shogi likilemea upande mmoja, tandiko linazunguka tumboni palepale kwenye kona, na chini ya kona ile tayari pana mifupa ya punda wawili.

Nataka mawili madogo yenye uzito sawa. Moja kushoto, moja kulia. Moja likiwa linachaji betri, jingine ninaliwekea kioo cha jua. Na likiharibika moja sijaachwa mikono mitupu. Chaja ya gari ipo, nimeijaribu kwenye gari la chifu.

Unauliza haraka ya nini. Wewe unasema haraka haraka haina baraka, nami nasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tankiso hajambo. Ana shughuli.

Khopotso


Germiston
18 Mei

Khopotso,

Masanduku mawili hayo, kwa mkono wa Ntate Khoeli. Nimeyapima mwenyewe kwenye mizani, hakuna linalomzidi mwenzake hata kwa kijiko cha chumvi. Umenishinda kuhusu punda, nakubali, na nimeshachekwa nyumbani.

Nimekuchagulia aina iliyo nzito kidogo. Ipo nyepesi zaidi, lakini ile inachoka upesi, miaka michache tu inakuwa kopo. Hii inadumu. Ina kasoro moja ambayo lazima uijue: ikipoa ikafikia baridi ya barafu, itakupa umeme lakini haitakubali kupokea. Utaiwekea jua mchana kutwa nayo imekukunjia uso. Haijafa. Usiipige. Ipashe joto kwanza, ndipo uilishe. Basi usiku ilale mahali penye joto. Na betri za droni zikitoka angani zina moto, ziache zipoe kabla ya kuzichaji.

Hayo ni ya duka. Sasa ya nyumbani.

Jumamosi nilikuwa kwenye mazishi huko Katlehong. Kwenye foleni ya chakula mlevi mmoja wa Ha Letuka ananigusa bega, ananiambia, "Pole sana Seabata, kwa kondoo wa dada yako." Kondoo gani? "Wote," anasema, "tangu Februari. Zizi zima." Kisha akaomba nimwongezee nyama.

Mimi ni mjomba wenu. Mtoto akizaliwa kwenu naambiwa mimi kwanza, akifa naambiwa mimi kwanza, na ng'ombe wa mahari yako hawaingii zizini kabla wangu hajatengwa. Leo msiba wa nyumba ya dada yangu nausikia kwa mlevi mwenye sahani mkononi? Mmenidhalilisha. Barua mbili umeniandikia habari za mbwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Niandikie ukweli. Na kijana yuko wapi?

Seabata


Ha Letuka
12 Juni

Mjomba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikampa mama, naye akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Una haki ya kukasirika. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alihofia utaacha kazi uje.

Ukweli ni huu. Februari, siku ya harusi ya binti wa chifu, Tankiso aliacha kundi kambini akashuka kunywa. Aliporudi zizi lilikuwa wazi. Hakuna aliyemsema kwa mdomo, lakini unajua watu wa hapa wanavyoweza kumsema mtu kwa kumpisha njiani. Tangu hapo hajalala nyumbani. Anazunguka milimani na wanaume watatu ambao nao waliibiwa, na wana bunduki. Sijui imetoka wapi. Wameshaamua kwamba mwizi ni Ntate Lebusa wa bonde la pili, kwa sababu waliona kwake kondoo mmoja aliyekatwa sikio la kushoto kama wetu. Nusu ya mlima huu wanakata sikio la kushoto. Sikio moja limewatosha. Wanasema wanangoja tu wachungaji wake wahamie kambi ya chini, kisha wataingia.

Ndiyo haraka yangu, mjomba. Nataka niwaone kondoo wetu kwa droni, na polisi awe pembeni yangu aone naye, kabla kaka yangu hajaua mtu asiye na hatia na kufia gerezani.

Na nilikuwa karibu. Acha nikuambie nilivyoharibu.

Masanduku yalipofika mama alitoa blanketi zake mbili nzuri, ikiwemo ile ya kanisani. Akasema kitu kilichotumwa na kaka yake hakilali uchi. Tukayafunga kama watu, tukapanda. Jioni ya kwanza droni iliwaona: kundi kubwa kwenye zizi la mawe ndani ya korongo karibu na mpaka, na migongoni rangi nyekundu, ile yetu. Sikuweza kushuka karibu, betri ilikuwa inaisha. Nikasema asubuhi.

Asubuhi kila jiwe lilikuwa jeupe kwa jalidi. Nikachomeka betri zote, na masanduku nikayaacha ndani ya blanketi. Nani huku anamvua mwenzake blanketi asubuhi kama ile? Baada ya muda mfupi yakazimika, yote mawili. Nikadhani baridi imeyaingia. Nikavua blanketi yangu nikayaongezea. Yalipokubali kuwaka, ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye masikio ya punda, na ulipoinuka zizi lile lilikuwa tupu.

Sijui nilikosea wapi. Mama anasema huenda ulitumiwa mabovu.

Khopotso


Germiston
19 Juni

Mpwa wangu,

Si mabovu. Yalikuwa yanakufa kwa joto. Sanduku likifanya kazi linatoa moto ubavuni, kwenye vile vitundu, na wewe umeliziba kwa blanketi za sufu. Limejizima lisiungue. Hakuna aliyekuambia, na asiyekuambia ni mimi. Nilikuambia lilale penye joto, nikadhani utaelewa kuhusu kuamka.

Usiku blanketi. Likianza kazi, livue, hata kama theluji inaanguka. Maliza moja kwanza, la pili liwe akiba yako ya kurudia nyumbani. Yasichoke pamoja.

Mwambie Tankiso mjomba wake amesema asubiri. Mwambie hasira hasara. Najua hatasikia, lakini awe ameambiwa.

Ile blanketi ya kanisani nitamlipa dada yangu kama imeungua.

Seabata


Ha Letuka
14 Julai

Mjomba Seabata,

Tu wazima, sote. Naanza na hilo ili usisome kwa kukimbia. Theluji imefika magotini. Mama anapika uji wa motoho, na mlango tumeufunga kwa gunia.

Kabla ya yote, Ntate Khoeli ameniambia duka lenu lilifungwa tangu Aprili, kwa kuwa umeme wa Johannesburg siku hizi haukatiki na hakuna anayenunua masanduku. Na kwamba sanduku la pili ulililipia wewe, kwa fedha yako. Nawe umetuficha, mjomba, kwa hiyo tusigombezane tena. Mama amelia, kisha amecheka.

Sasa sikia. Wiki iliyopita tulipanda tena, mimi, polisi mmoja wa mifugo na mjumbe wa chifu. Masanduku niliyafanya ulivyosema: usiku yamevaa, asubuhi yako uchi kwenye theluji yakihema, na mjumbe akiniambia nitalaaniwa kwa ukatili. Yalifanya kazi bila kusita. Siku ya kwanza nililimaliza la kushoto bila kuona kitu. Siku ya pili wingu lilizuia jua na kioo hakikuleta kitu, basi nikaanza kulila la kulia, ile akiba. Mchana nikawaona. Kundi letu, mjomba, rangi nyekundu juu ya theluji, likiswagwa kuelekea mpakani na watu wawili wa farasi. Si watu wa Lebusa. Polisi aliwatambua farasi, akawaita wenzake kwa redio wakazibe njia ya mpakani. Alisema, "Usiwaachie macho. Mpaka jioni tunao."

Nikabadilisha betri. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho iliyojaa, na sanduku la kulia lilikuwa limebakiza kiasi cha kuwasha taa.

Nikiwa narudi kwa kundi, droni ikapita juu ya kambi ya chini ya Lebusa. Chini yake, kwenye mawe, wamelala watu wanne juu ya matumbo yao. Nilijua blanketi ya Tankiso kabla sijashusha droni. Upande wa pili wa zizi wachungaji wa Lebusa walikuwa wanakamua mbuzi, hawajui lolote. Mmoja wao hata ndevu hana.

Polisi hakuona. Alikuwa anaangalia ramani. Akaniuliza kwa nini tumesimama. Nikamwambia, "Kaka yangu yuko hapa." Akatazama kioo cha kuongozea droni mkononi mwangu, akasema, "Dada, kwenda kule kwa miguu ni saa nzima. Huwezi kumzuia ukiwa hapa. Kondoo unaweza." Alisema kweli. Tena alisema kwa upole.

Niliishusha droni mpaka mbele ya uso wa Tankiso, nikaisimamisha hapo hewani, kati yake na zizi. Aliitazama. Mjomba, aliniangalia machoni kupitia kile kioo, nami nilikuwa nasema jina lake kwa sauti kama mwendawazimu, ilhali hawezi kusikia. Akainua bunduki. Kisha kioo kikawa cheusi, na mlio ukatufikia baadaye kidogo.

Tulipofika kambini kwa Lebusa wachungaji walikuwa wamekimbia na mbuzi wao, wazima wote. Wale wanne walikuwa wameondoka, maana baada ya mlio ule kila mtu bondeni alikuwa nje. Droni tuliikuta vipande vipande. Kondoo wetu walivuka mpaka jioni ile ile. Polisi wenzake hawakufika kwa wakati, na mimi sikuwa na jicho la kuwaonyesha walipopitia.

Tankiso amerudi nyumbani juzi, bila bunduki. Anakata kuni. Chama kinakaa mwisho wa mwezi na sijui nitawaambia nini, kondoo hakuna na droni hakuna.

Ungekuwa wewe, ungefuata kondoo?

Khopotso


Germiston
21 Julai

Khopotso mwanangu,

Nisingefuata kondoo. Mwambie na dada yangu kwamba nimesema hivyo, na kwenye kikao cha chama mtu akikuinulia sauti, mwambie ana mjomba wa kujibizana naye, tena mjomba asiye na kazi, mwenye muda mwingi. Nakuja na gari la Ntate Khoeli, mara litakapoweza kupita kwenye theluji.

Kuhusu duka, kila mtu ana la kwake la kutunza.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Ninamwona yule kijana niliyembeba mgongoni akiielekezea bunduki kitu anachojua kabisa kinashikwa na dada yake. Hilo limenikaa kifuani, sitaki kusubiri mpaka nifike. Muulize. Alijua ni wewe alipofyatua?

Seabata


Ha Letuka
2 Agosti

Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote, na mama anauliza unataka ulale chumba gani.

Chama kimekaa. Walipiga kelele sana. Kisha Ntate Lebusa akasimama, yeye mwenyewe, amepanda kutoka bonde la pili kwenye theluji bila kualikwa. Akasema yule mchungaji asiye na ndevu ni mwanawe wa mwisho. Kisha akakaa. Kelele zikaisha. Kazi sina tena, lakini hakuna anayenidai droni.

Nimemuuliza Tankiso. Nilimfuata kwenye kuni nikamsomea barua yako jinsi ilivyo. Akaweka shoka chini.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine angeishusha namna ile?"

Nikamuuliza kwa nini basi. Akaokota kuni moja moja mpaka nikageuka kuondoka.

"Wale watatu wasingekubali turudi bila risasi kulia," akasema. "Tangu alfajiri nilikuwa natafuta njia, sioni. Ndipo ukaniletea kitu cha kupiga ambacho hakina mama."

Mpwa wako,
Khopotso